Ngano Isiyotoa Suke

Mjukuu wangu Zaina,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Kwamsisi hatujambo, na dada yako kajifungua salama.

Unauliza kama nimewahi kulima ngano. Ndiyo, baba yako akiwa mchanga. Shangazi alituletea mbegu kutoka kwenye baridi ya Lushoto, tukazipanda kama mahindi, tatu tatu kila shimo. Majani yakastawi, joto likaja, suke halikutoka hata moja. Nililia, maana njaa ilikuwa imenikausha maziwa.

Mama mkwe akamwita jirani yetu mfugaji. "Kata yote, ng'ombe wako wale."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi jirani alituletea kibuyu cha maziwa.

Ngano ile sikuionja, lakini naishukuru mpaka leo. Ndiyo iliyomkuza baba yako.

Bibi yako