Dada Sindano, Aliyegawa Dawa Zake Nusu kwa Nusu

Mwaka umezunguka, mwanetu, tangu ututoke. Cherehani yako bado iko chumba cha mbele, pale pale dirishani, tumeifunika kitambaa cha maua. Wateja wengine hawana habari. Wanabisha hodi na gauni mkononi, wanauliza, "Fundi yupo?" Mdogo wako ndiye anayetoka kuwajibu, maana mimi mama yako hapo hukimbilia jikoni.

Tunakukumbuka na pini zako mdomoni. Ulikuwa unampima mtu huku unaongea, huku unacheka, na pini zote ziko mdomoni, mimi roho juu. "Toa hivyo vitu, utameza!" Nawe unanijibu kwa pembe ya mdomo, "Mama, mimi nameza makubwa kuliko haya kila siku." Mteja anacheka, hajui unasema nini. Sisi wa nyumbani tulijua. Wewe na mumeo mliishi na virusi vya UKIMWI, na hamkutuficha. Vidonge vyenu mliviita mashemeji, kwa sababu, ulisema, walikuja bila kualikwa, hawana mpango wa kuondoka, na usipowahudumia kwa wakati nyumba haikaliki. Mumeo akirudi kazini na ndoo yake ya rangi anaulizia mlangoni, "Mashemeji wameshapata chochote?" Unamjibu, "Wanakungoja wewe, baba, usiwatie njaa."

Wewe ndiye uliyetupeleka kambini. Kabla ya hapo tulidhani ni mahali pa kwenda kulia. Kumbe ni shule ya bweni wakati wa likizo, familia zenye mtu anayeishi na virusi zinakaa pamoja siku kadhaa, watoto wanashindana mbio za magunia uwanjani, wakubwa wanaongea na mshauri chini ya turubai. Mara ya kwanza nilifunga blanketi, tochi, dawa ya kikohozi, dawa ya mbu, ndoo na kifuniko chake. Ukasimama unanitazama, mikono kiunoni. "Mama, tunaenda kambini au unahama?" Lakini mvua ilipokuja, blanketi la nani lilizunguka bweni zima? Si langu?

Siku ile mshauri alitugawia karatasi, akasema kila mtu achore nyumba yake, aonyeshe hofu yake inalala wapi. Mimi na penseli wapi na wapi. Nikachora hivyo hivyo. Ukachungulia, ukasema, "Mama, hii ni nyumba au sanduku la mkate?" Watu wakaangua kicheko, hata yule baba aliyekuwa hajafungua mdomo tangu afike. Kisha ukaniuliza taratibu hofu yangu iko wapi. Nikakuonyesha mlangoni. "Kwa nini mlangoni?" Nikakwambia, kwa sababu nalala nikisikiliza kama umerudi. Hukucheka tena. Uliikunja ile karatasi, ukaiweka mfukoni mwako.

Jina la Dada Sindano ulipewa huko huko, kwa sababu ulikuwa huendi popote bila sindano na uzi. Watoto wageni wakilisikia walikimbia kujificha chooni, wakidhani ni nesi wa chanjo. Unawafuata mlangoni, "Tokeni, mimi natibu suruali tu!" Wanatoka mmoja mmoja, goti la huyu limechanika, mfuko wa yule unaning'inia, na wote wanarudi uwanjani wakiwa wazima.

Na ile desturi ya kabla ya chakula cha jioni, nani aliyewahi kufika pale ataisahau? Tunasimama duara, wenye dawa wameshika kidonge kiganjani, sisi wengine tuna maji tu, na mtoto mdogo kuliko wote anahesabu. Moja, mbili, tatu, wote tunameza. Kisha vigelegele kama harusini. Binti yako, asiye na virusi, alikuwa mkali kwangu: "Bibi, na wewe meza! Usiwaache peke yao!" Namaliza kikombe kizima.

Kambi yako ya mwisho nilisimama kando yako. Hesabu ilipofika tatu ulipeleka kiganja mdomoni kama wengine, ukanywa maji, ukapiga kigelegele kuliko wote. Kiganja kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimekugusa bega, nisijue.

Tulikuja kujua hospitalini, kifua kilipokwisha kukubana. Ulisema, "Mama, kuna mtu nilikuwa nagawana naye dawa. Leo mimi, kesho yeye."

"Nani?"

"Mtu wa kambini. Anaogopa kuonekana kliniki. Nilimwahidi sitamtaja."

"Hata kwangu mimi?"

"Hata kwako, mama. Siri si yangu."

Hivyo ndivyo ulivyokuwa tangu mtoto. Ukipewa mkate unaukata, nusu unatafuta wa kumpa. Nguo yako mpya ikavaliwa na jirani kabla wewe hujaizoea. Tulikuwa tunakusifu kwa hilo, na lilikuwa la kusifiwa. Lakini nesi alitukalisha, mimi na mumeo, akatueleza polepole, nami nalieleza hapa kama nilivyoelewa. Dawa ya mtu mmoja ikigawanywa kwa wawili, haimtoshi yeyote. Virusi vya huyu na vya yule vinapata nafasi ya kuizoea. Vikishaizoea, ile dawa haivitishi tena. Wakakubadilishia nyingine, lakini mwili wako ulikuwa umeshachoka, na kifua hakikungoja.

Kwa hiyo, mwanetu, utuvumilie kidogo, tuna neno na hawa wanaosoma tangazo letu pembeni.

Ninyi mnaotumia dawa hizi, msimpe mtu hata kidonge kimoja. Mkiona mwenzenu ameishiwa, msimfungulie kopo lenu, mshikeni mkono mwende naye kliniki. Ninyi wazazi, msitosheke kuona mtoto amenyanyua kikombe. Na ninyi mnaowakodolea macho watu wa foleni ya dawa, mnahesabu nani ameingia na nani ametoka, hayo macho yenu ndiyo yaliyomfukuza mtu pale akaja kugonga kwa mwanangu.

Na wewe uliyekuwa ukipokea ile nusu. Hatukujui, na hatukutafuti kwa ubaya. Alikupa kwa mkono wake na kwa mapenzi yake, na katika nyumba hii hakuna anayekulaani. Ila mwaka mzima huu aliyekuwa akikupa hayupo, na mimi kila usiku najiuliza. Unatumia nini? Umempata mwingine wa kukukatia nusu? Acha, mwanangu. Nenda kliniki ukawaambie ukweli kwamba mlikuwa mkigawana, wakupime, wakupe dawa inayokufaa, yako mwenyewe, kamili.

Kama ni kwenda peke yako ndiko kunakokushinda, sikiliza. Kila siku ya dawa nakaa kwenye benchi la nje pale kliniki yetu, karibu na mlango, mahali ambapo kila apitaye lazima anione. Nina virusi au sina, hilo simwelezi mtu. Juzi jirani mmoja alisimama akashangaa, "He! Mama Sindano, kumbe na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Si hapo ulipokaa!"

"Hapa pana kivuli kizuri. Njoo ukae."

Akakumbuka ana sufuria jikoni. Mumeo, mwanetu, akanishauri jioni, "Mama, mtaa mzima unakusema." Nikamwambia waache waseme, wakichoka kusimama watakaa.

Nafasi iliyo kando yangu naiwekea mkoba ili asiikalie mwingine. Wewe ukija sitakuuliza jina, wala ulikuwa unampataje, wala kwa nini umechelewa. Nitautoa mkoba. Tukiitwa tutaingia wote wawili, na wakitazama watatazama wawili, hawatajua ni yupi.

Mwanetu, siri yako hatujaivunja. Tumeiongezea mtu wa kukaa nayo tu.

Unakumbukwa na mama yako. Mumeo, fundi rangi. Binti yako, ambaye sasa anajua kutunga uzi kwenye sindano bila kusaidiwa. Mdogo wako anayewajibu wateja mlangoni. Shangazi zako na wajomba zako. Na watoto wote wa kambini uliowahi kuwashonea magoti.

Mungu akulaze pema. Siku zote za uhai wetu tutakukumbuka.