Elias Hakukimbia, Mama Mkubwa

Darsait, Maskati,
12 Juni 2004.

Mpendwa Mama mkubwa Theodora,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi na ule mlima wa kanisani? Mimi ni mzima, ila joto la huku linachoma hata kivulini. Bibi Muhsina, mwenye nyumba ninayofanyia kazi, hana neno nami. Alikulia Unguja, basi jikoni ni Kiswahili tu.

Mama, kaa kwanza. Nina habari za Elias wako.

Ijumaa, baada ya misa kule Ruwi, nilikaa na dada mmoja Mkongo aitwaye Bakhita. Niliposema kwetu ni Kigoma, akanitazama sana. "Unamjua Bruda Elias, mwenye kovu kidevuni, apigaye mluzi akipika?" Nikamwambia, "Ni mtoto wa mama yangu mkubwa."

Kumbe mwaka 1998, vita ilipofika kwenye monasteri yao kule Kongo, Bakhita alikuwa amelazwa katika zahanati ya watawa. Wapiganaji walifunga kanisa, wakakataza kengele na sala. Mabruda wakatorokea msituni kuelekea ziwani. Elias angeweza kukimbia upesi kuliko wote, lakini bruda mmoja mzee alikuwa amevunjika mguu. Akabaki kumuuguza, na kila asubuhi akasali na wagonjwa, mlango wazi.

Siku ya tano wapiganaji wakamtoa nje uani. Wakatupa msalaba chini, wakamwamuru avue kanzu ya utawa, aukanyage, aende zake kwao. Bakhita aliona yote dirishani. Elias akainama, akauokota, akaufuta vumbi.

"Niliweka nadhiri mbele ya huu," akasema. "Siwezi kuukanyaga. Ila yule mzee msimguse, hata kusimama hawezi."

Wakampiga risasi akiwa ameushika. Wanawake wa zahanati ndio waliomzika, nyuma ya jiko. Yule mzee wapiganaji hawakumgusa; aliishi miaka miwili zaidi.

Basi wale waliosema Elias alivua utawa akaoa ng'ambo, walisema wasilolijua. Miaka sita umewavumilia kimya. Sasa inua kichwa, Mama.

Nilirudi nyumbani nikilia. Bibi Muhsina aliposikia akasema, "Nna watoto wanne mie, Pelagia. Mama asiyejua khabari ya mwanawe hapati usingizi. Mwandikie, kazi zitangoja."

Bakhita ataandika ushahidi kwa mkono wake, umpelekee Paroko. Nawe omba misa ya marehemu, siku ya Jumapili watu wakiwa wamejaa, na jina lisomwe kwa sauti: Bruda Elias, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Ukae benchi la mbele. Ni haki yako.

Nisalimie kaka Obedi, shemeji Radhia, na Noel. Mwambie Noel asome hii barua mara mbili kabla hajabishana na mtu sokoni.

Mungu aliyempa mwanao moyo ule akushike mkono, Mama yangu.

Ni mimi binti yako akupendaye daima,
Pelagia