Msumari wa Mwenyewe

Kitwe, Zambia
Mwezi wa sita, 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Najua anayekusomea ni Kizito, kwa hiyo mdogo wangu naye nampa salamu zake hapa hapa, asije akanuna. Kizito, soma polepole, usiruke mstari, na ukifika mahali pagumu usijifanye umepaliwa. Mama asikie yote.

Nyonga yako ya kushoto inaendeleaje, Mama? Bado unaamka kwa kujivuta kwenye nguzo ya jikoni? Mimi nashona, nakula, nalala. Baridi ya huku imeingia mpaka kwenye mifupa, na wateja wanataka makoti kana kwamba nina mikono minne. Lakini mzima ni mwili tu. Tangu dereva wa lori aniletee barua ya Kizito kutoka Tunduma, siko sawa. Baba amezikwa, matanga yameisha, na mimi muda wote huo nilikuwa huku nacheka na wateja bila kujua. Nimelia mpaka mwenye nyumba wangu akaja kukaa nami. Inaniuma, Mama, sijui nisemeje.

Kizito ameniandikia pia habari za kibanda cha baba cha useremala. Kwamba tangu watu wa matanga waondoke, alasiri jua likiwa kali na barabara ya Sitalike imetulia, nyundo inasikika humo ndani: ko, ko, halafu kimya. Mkifungua hamuoni mtu, ni maranda tu sakafuni na zana zimetundikwa vilevile. Kwamba wewe umehamia kwa mama mdogo kwa kuogopa nyumba yako mwenyewe. Na kwamba majirani wanasema, "Yule mzee sala zake zilikuwa za mdomoni tu, mbona hatulii?" Wanamshauri Kizito abomoe kibanda na kuchoma kila kilichomo, naye anangoja neno langu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Neno langu ni hapana. Msichome hata kipande cha ubao mpaka mmemaliza kusoma barua hii.

Hao wanaosema sala za mdomoni wananichefua. Milango wanayofunga wakilala alitengeneza nani? Baba alipiga ishara ya msalaba kabla ya kugusa randa, hata kama kazi yenyewe ni mguu wa stuli uliolegea. Mabenchi ya kigango chetu aliyatengeneza jioni, baada ya kazi za watu, mgongo ukimuuma. Alisinzia kwenye mahubiri, hilo nakubali, na wewe ulikuwa ukimfinya. Lakini alisinzia akiwa kanisani, hao wasemaji walikuwa wapi?

Na wamesahau msumari wa mwenyewe? Baba hakumaliza kitu cha mtu peke yake. Msumari wa mwisho aliupiga mara mbili, akaacha kichwa chake kimechomoza, akamwita mwenye kitu. "Mimi nimepiga yangu, na Mungu amenisaidia kupiga ya pili. Iliyobaki ni ya kwako. Piga, useme Amina." Kiti, mlango, kitanda, hata jeneza, wafiwa walishikishwa nyundo. Ndiyo maana ukipita Sitalike kila mlango una msumari mmoja uliopinda. Fundi alikuwa hodari, wenye milango ndio hawakujua kupiga.

Mama, unakumbuka kitanda cha yule mzee wa Usevya? Mimi nilikuwa bado nasoma shule ya msingi. Mzee aliagiza kitanda cha mninga, kikaisha, yeye hakuja. Kikakaa kibandani, msumari wake umechomoza. Siku moja mchana nilimpelekea baba uji, nikamkuta amesimama nje ya mlango, nyundo ameishika mkononi, na ndani kunagongwa. Ko, ko. Uji ulinimwagikia miguuni. Baba akasema, "Usiogope, Leo wangu. Mbao zinakauka, zinalia." Kisha akasikiliza tena, akasema, "Au kinamtaka mwenyewe. Mimi sijui kila kitu."

Kesho yake alikifungua vipande, akakifunga kwenye baiskeli, akaenda Usevya akiikokota. Alirudi amechoka, hataki kula. Mzee alikuwa amekwisha kufa. Mjane wake ndiye aliyepiga msumari, akasema Amina, akakaa kitandani akalia. Kibandani hatukusikia tena kitu. Wewe ulimuuliza baba kama haogopi, akakujibu, "Niogope nini? Kazi ya mikono yangu niliikabidhi kwa Mungu kabla sijaianza."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili sijamwambia mtu.

Ukuta wa chumba changu umepakana na chumba kilichofungwa. Kabla barua ya Kizito haijanifikia, kabla sijajua kama baba hata aliugua, nilianza kusikia alasiri, cherehani ikinyamaza, mtu anagonga upande wa pili. Ko, ko. Nikamwuliza mwenye nyumba, mama wa Kibemba anayejua Kiswahili cha kuungaunga. Akacheka, "Iko makaa tu mule, dada." Akanifungulia nione. Kweli, magunia ya mkaa, na vumbi sakafuni lisilokanyagwa. Nikaona aibu. Tulipokuwa tunatoka pakagongwa nyuma yetu, na mwenye nyumba hakucheka tena. Siku hizi akipita pale anapita mbio.

Niliposoma barua yenu ndipo nywele zikanisimama. Ni mapigo yale yale, na kimya kile kile. Nimekua nikisikia mkono ule, Mama, siwezi kuukosea. Naogopa, nakwambia ukweli. Lakini nikisikia naogopa, na nisiposikia nahuzunika.

Kizito, wewe uliandika kitu ukakipita kama si kitu. Ulisema chini ya turubai mmekuta kiti kisicho na mwenyewe, hakuna aliyekuja kukidai. Ukasema ni kiti cha ajabu, kirefu kama cha hakimu, mkono wa kushoto umepanda kuliko wa kulia, ukadhani macho ya baba yalishachoka akakosea kipimo. Mdogo wangu, umekaa na baba miaka yote hiyo na hujui kwamba hakukosea kipimo? Nani pale nyumbani hawezi kukaa chini sana? Nani anaamka kwa kujivuta upande wa kushoto?

Mama, tangu nipate akili umekalia debe. Kila mtu Sitalike ana kiti cha baba isipokuwa wewe. Tulikutania, "Mke wa seremala na debe lake," na baba akajibu kila mara, "Cha Mama Leo kinakuja. Mbao yake bado sijaiona." Basi aliiona, Mama. Alikuwa anakutengenezea kimyakimya, na homa ikamkuta amebakiza kukuita tu.

Rudi nyumbani kwako. Kizito, kikague kiti kile, utaona msumari uliochomoza, nadhani ni kwenye ule mkono uliopanda. Msimpigie. Mama mwenyewe ashike nyundo ya baba, hata ukipinda, upinde. Aseme Amina, akae. Kibanda kibaki, na ufundi uushike wewe, Kizito.

Nisalimieni mama mdogo, mwambieni ahsante kwa kumpokea Mama. Nisalimieni na katekista aliyemsomea baba sala za mwisho. Na wale majirani, wasalimieni pia, baba angetaka hivyo.

Ni mimi binti yako niliye mbali kwa miguu tu,
Leokadia

Mama, nimeifungua tena bahasha. Dereva anaondoka kesho, barua hii bado iko mezani kwangu, hamjaisoma. Leo alasiri ukuta uligonga kama kawaida, ko, ko, na kile kimya. Nikaendelea kushona. Kisha ikaja ya tatu. Haikuwa ya baba. Ilikuwa nyepesi, ya pembeni, ya mtu asiyezoea nyundo. Nimekaa hapa mpaka giza limeingia na ukuta hausemi kitu tena.

Mama, ni wewe? Umekaa?