Runinga Ninayokutumia

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi hapo ulipo. Natumaini hujambo, na kile kikohozi ulichoandika kwamba kinakusumbua asubuhi kimekwisha. Kama bado unacho, kunywa maji ya moto na uache kulala dirisha likiwa wazi. Mimi sijambo, cherehani inakwenda na wateja wapo. Mama nilimpigia simu juzi. Ni mzima, anakusalimia, na analalamika kwamba siku hizi humpigii. Mpigie.

Kabla ya yote, hilo boksi lililokuja na barua hii usilifungue mpaka umalize kusoma, na usikubali lilazwe. Ni ile runinga ya sebuleni kwangu. Unakumbuka muuzaji alivyotuonya kwamba runinga za aina hii, za plazma, hubebwa zimesimama, ukiilaza kioo kinaweza kupasuka. Shemeji yako ameishikilia hivyohivyo njia nzima kama mtu anayembeba bibi harusi, kwa hiyo mpe kiti na maji hapo nje mlangoni, halafu wewe ingia ndani ukasome. Barua hii si ya kusomewa yeye.

Barua yako niliipata. Umesema chumba ulichopanga kina upweke, kazini hujapata mtu wa kuzungumza naye, na umeuliza kama unaweza kurudi kukaa kwangu kama zamani. Nitakujibu, ila nivumilie nianze mbali kidogo. Unanijua, sikati kitambaa kabla sijakinyoosha.

Unakumbuka hali ilivyokuwa kabla hatujainunua. Shemeji yako alikuwa akitoka ghalani jioni anapitiliza baa kutazama mpira, anarudi tumeshalala, akawa kama mpangaji kwenye nyumba yake mwenyewe. Chakula chake nilikuwa nakifunika, asubuhi nakifunua kilivyo. Nilikwambia wewe, maana ndiye niliyekuwa naye, kwamba kama shida ni mpira basi mpira nitauleta nyumbani. Zile hela za kushona sare za shule, nilizosema nitanunulia cherehani ya umeme, tukazichukua tukaenda dukani mimi na wewe.

Duka lile halikuwa na dirisha hata moja. Taa zimefifishwa, runinga zimejaa ukutani, na yule muuzaji mwenye tai akitufuata nyuma anasema picha za hii ni za kiwango cha juu, utaona hata jasho kwenye paji la uso. Nyembamba zile nyingine, alisema, zinafaa vyumba vyenye mwanga mwingi, lakini rangi zake haziwezi kushindana na hii. Mimi nilichoona ni gauni la mahameli la mwimbaji mmoja. Lilikuwa jeusi, jeusi kweli, na kila mkunjo unaonekana. Miaka yote nauziwa vitambaa vyeusi vinavyogeuka kahawia, moyo wangu ukalainika palepale. Hata hivyo nilitaka ile ya wastani. Wewe ndiye uliyenishika mkono ukasema, "Dada, chukua hiyo kubwa. Shemeji akiiona hatatoka tena nyumbani."

Nikacheka, nikachukua kubwa.

Sasa nimcheke nani kama si mimi mwenyewe? Mimi ambaye sinunui hata kipande cha bitana bila kukipeleka mlangoni nikakione juani! Wenye maduka ya vitambaa wananijua, wakiniona tu wanafungua mlango. Halafu nikaenda kununua kitu ambacho chote ni rangi, ndani ya kiza, bila kujiuliza kitaonekanaje kwenye sebule yangu yenye lile dirisha kubwa.

Tulivyoiwasha uliona mwenyewe. Jua likapiga kwenye kioo, mpira hauonekani, tunaona makochi, feni, na mimi kwenye meza yangu nimebana pini mdomoni. Shemeji yako akanuna kana kwamba nimemfanyia makusudi. Nikashona pazia zito kwa mikono yangu mwenyewe, nikaziba dirisha nililokuwa nikishona mbele yake tangu nihamie nyumba hii. Meza ikasukumwa pembeni, mgongo kwenye mlango wa jikoni, uso kwenye runinga, na balbu juu ya kichwa. Huko ndiko nilikomshonea yule mwalimu sketi ya bluu kwa uzi mweusi, akanirudishia bila kuniambia neno, akahamia kwa fundi mwingine. Macho yakaanza kunitoka machozi kila nikitunga uzi. Wewe ukawa unanitungia. Hilo silisahau.

Lakini mume akatulia nyumbani. Akitoka kazini, moja kwa moja kwenye kochi. Akaja na yule dereva wa lori tunayemwita Refa, na wenzake, wakala, wakapiga kelele, na ile runinga ikatoa joto mpaka sebule ikawa kama nimesahau pasi kwenye moto. Wakaiacha kwenye mpira mpaka kivuli cha ubao wa magoli kikaganda kwenye kona, hata ukiweka taarifa ya habari bado wanaonekana wamefungana. Yote nikameza. Nilimpigia Mama nikamwambia mume wangu amerudi nyumbani, na nilijisikia mwanamke hodari. Nilikuwa nimeuza dirisha langu nikampata mume, na niliona nimefanya jambo la maana.

Basi, ile siku umeme ulipokatika mchana. Shemeji yako alikuwa yupo, aliomba ruhusa kazini kwamba anaumwa kichwa. Wewe ulikuwa jikoni. Mimi nikafurahi, nikalivuta pazia, mwanga ukaingia kama zamani, nikakaa mezani nikashona. Runinga imezimwa, ipo mbele yangu, nyeusi tii. Nikainua uso kupumzisha macho, nikaona mlango wa jikoni ulio nyuma yangu, wote, kwenye kioo.

Ulikuwa unamfunga vifungo vya shati, lile la samawati nililomshonea sikukuu. Ulianzia chini ukapanda juu, taratibu, kama mtu aliyezoea. Mkono wake ulikuwa kiunoni kwako. Ulipomaliza cha mwisho akakubusu shingoni, nawe ukafumba macho. Muuzaji hakudanganya, mdogo wangu. Niliona kila kitu.

Nikajua pia mlikuwa mnasikiliza nini. Mlikuwa mnasikiliza cherehani. Ilimradi inalia, dada yuko mezani, mna nafasi yenu. Ikabidi nisiisimamishe. Uzi ulikuwa umekatika, lakini niliendelea kukanyaga pedali, sindano ikatoboa kitambaa cha mtu matundu matupu mpaka mwisho, kwa sababu sikuwa najua nikinyamaza itakuwaje. Kisha ukatoka jikoni ukaniletea chai, ukaona uzi umekatika, ukanitungia.

Sikusema. Ulipopata kazi huko nikakusindikiza stendi, ukanikumbatia ukalia, nami nikalia, watu wakasema hao ndugu wanapendana. Nilijiambia umeondoka, yamekwisha, nitakula nilichokipika. Ningeendelea hivyo mpaka leo. Lakini barua yako ilipofika, kabla sijaifungua, bado ninatafuta mkasi, shemeji yako akaniuliza kutoka kwenye kochi, "Kwani anarudi lini?"

Hakunitazama hata usoni. Alikuwa anatazama mpira.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Kwangu hurudi. Lakini upweke sikuachii, mimi bado ni dada yako. Nimemwambia shemeji yako akupelekee runinga ikuchangamshe, akashangaa kidogo kisha akakubali haraka mno, akaoga, akavaa lile lile shati. Akaniuliza, "Niende leo nirudi leo?" Nikamwambia ataona mwenyewe akifika. Anadhani kwenye boksi kuna kioo na magazeti ya kuzuia kisigongwe. Magazeti hamna. Nimekikinga kwa nguo zake, mashati yote yaliyobaki, suruali zote, na lile koti lake la harusi limezunguka kona zile mbili za chini. Nimezikunja vizuri, hutahitaji kupiga pasi. Fundi wa vitasa anakuja kwangu mchana huu, basi lake likishaondoka.

Pazia nimelitia juu kabisa ili ulione kwanza. Pima dirisha lako, kama ni refu mno likunje upindo. Na mpira ukiisha, runinga ikazimwa, nawe upo mezani au jikoni unashughulika na mambo yako, inua uso uitazame. Mimi ilinifaa.

Meza yangu nimeirudisha dirishani jana, nikiwa peke yangu, nikiivuta mguu mmoja mmoja. Yule mwalimu amepita barabarani akaniona, akaingia, akaniachia kitambaa. Nimemwambia asubiri nikakitazame nje kwanza.

Mama sijamwambia kitu. Hilo nakuachia wewe, ndiyo maana nimeanza kwa kukuomba umpigie. Nisalimie majirani zako wote wanaokufahamu, na ujitunze na hicho kikohozi. Sasa unaweza kumfungulia mlango, kama bado yupo hapo nje na boksi lake.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Fundi.