Josho la Mzee Nassor

Jumanne, 9 Septemba. Jeddah

Leo pia hakuoga. Siku ya tisa. Udhu anatia, kikombe kimoja cha maji, vipindi vyote vitano, hilo halimpiti. Lakini nikitaja bafu, Mzee Nassor anaongeza sauti ya televisheni.

Anaangalia filamu za nyambizi tena, meli za chini ya bahari. Za vile vita vikuu vya dunia. Alikuwa karani bandarini miaka mingi, na chombo cha baharini bado kinamchangamsha.

"Watu arubaini, Athumani. Vyoo viwili, kimoja wamekijaza makopo ya chakula. Maji matamu ya kunywa tu. Uso wanapangusa kwa kitambaa, wiki sita. Kitandani anashuka huyu anapanda yule, godoro bado lina joto. Mkate umeota ukungu. Walikufa kwa uchafu?"

"Walikufa kwa mabomu, Mzee."

"Basi."

Mimi niliajiriwa kuendesha gari. Nesi wa kiume alipoondoka nikapandishwa cheo hadi bafuni. Miaka hamsini na miwili, tumbo limetangulia, na nashindwa na mzee mwepesi kama mkeka. Binti yake, Bi Salma, yuko Riyadh na ameshasema: babake asipowekwa safi, nyumba hii ya Al-Hamra inafungwa na Mzee anahamia kwake. Mzee anataka kufia hapa, alipofia mkewe. Nami naogopa. Nyumba ikifungwa, nakwenda wapi? Naandika hivyo ili nisijidanganye kwamba namwonea huruma yeye tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Bi Salma anakuja Jumamosi. Nimejaribu upole. Nimejaribu mzaha. Nimejaribu yalla yalla, haraka haraka ya kidereva. Mzee akashika mikono ya kiti kama anayeng'olewa jino.

"Sivuliwi nguo kama maiti."

Maji ya beseni yakapoa. Nikaoshea gari.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefanya upumbavu. Nilimpangusa shingo, nikamvika kanzu mpya juu ya ile kuukuu, nikawasha chetezo. Udi kwenye kanzu, kwenye mto, kwenye mapazia. Haludi, mafuta ya udi, nyuma ya masikio. Rodha, mpishi wetu wa Kakamega, akapita akikohoa, akiniita kwa jina la binti yangu kama kawaida: "Baba Asha, mnachoma nyumba ama?"

Bi Salma akaingia, akambusu babake kwenye paji la uso, akanywa kahawa yake yote. Kisha akaniita ukumbini.

"Athumani, huu udi wa harusi au wa kuficha?"

Nilisahau ninamfanyia nani. Mwanamke aliyelelewa na mama wa Unguja anajua vipande vingapi vinatosha kanzu moja. Mimi nilitia vya harusi tatu.

"Siku ngapi?"

"Kumi na tatu, Bi Salma."

Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Amenipa wiki moja, halafu halas, nyumba inafungwa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekaa naye nikaangalia nyambizi mpaka mwisho, mara ya kwanza bila simu mkononi. Mabaharia wana ndevu kama vichaka. Fulana moja safari nzima. Dizeli imeingia hadi kwenye nywele. Nikamuuliza, hawaoni haya?

"Haya ya nani? Wote wananuka. Haya ni kunuka peke yako, mwenzio kakusimamia na taulo."

Mwenye taulo ni mimi. Neno limenikaa kifuani siku nzima.

Nimeamua. Kuanzia leo siogi. Udhu tu, kama yeye.

Jumatano, 17 Septemba

Septemba ya Jeddah, hewa ni supu. Shati langu linaweza kusimama bila mimi. Rodha ananisogezea sahani kwa mpini wa ufagio. "Aki Baba Asha, kama ni nadhiri, Mungu ameshasikia."

Mzee sikumwambia kitu. Naketi karibu yake tu. Leo alasiri akageuza pua.

"Athumani. Weye unanuka."

"Naam, Mzee. Kama wewe."

Nikajua nimevuka mpaka, kazi imekwisha. Kisha akacheka mpaka meno ya bandia yakalegea. "Haya, nahodha. Kesho."

Alhamisi, 18 Septemba

Tumeoga.

Viti viwili vya plastiki, kila mtu na kikoi chake, ndoo moja katikati, makopo mawili. Nilivua shati mwanzo. Tumbo langu lilimfurahisha sana. "Hilo lina miezi mingapi?" Kisha akavua kanzu mwenyewe. Tukapeana migongo, tukajimwagia.

Baada ya muda akaniambia nimsugue. Nikageuka. Chini ya kiuno, kidonda. Kipana kama kiganja cha mtoto, kina usaha. Kumbe siku zote hizi hakuwa akikimbia maji.

"Tangu lini, Mzee?"

"Tangu mwezi uliopita. Ukimwambia Salma, ananichukua."

Ijumaa, 19 Septemba

Nilinunua asali na pamba. Nilikuwa tayari kutibu kimyakimya, mimi daktari wa gia na breki. Asubuhi nikakisafisha, nikaona kina chake. Niliogopa.

Baada ya sala ya Ijumaa nilimwambia Mzee nitapiga simu, nikapiga mbele yake. Nikamweleza Bi Salma kidonda na udi na yote. Mzee akazima televisheni. Hajasema nami tangu hapo.

Nimemsaliti. Ikibidi nitamsaliti tena.

Jumatatu, 22 Septemba. Riyadh

Daktari wa Jeddah amesema kidonda kioshwe kila siku, kwa miezi. Bi Salma ameamua: Mzee anahamia kwake. Nimeendesha tangu alfajiri, Mzee amelala ubavu kiti cha nyuma. Kimya hadi tumeiacha Taif, ndipo akaomba chai.

"Ungenifichia, ningefia nyumbani."

"Naam, Mzee."

"Nawe ungebaki na kazi."

"Naam."

Akanywa chai. Akanirudishia kikombe.

Jumatano, 24 Septemba

Nyumba ya Al-Hamra inafungwa mwisho wa mwezi. Rodha amepata kazi kwa familia moja mtaa wa Al-Rawdah. Mimi bado.

Leo Hilal, mume wa Bi Salma, amemwogesha Mzee mara ya kwanza. Mtu wa ofisini, mikono laini, uso umempauka. Nilimwonyesha maji yawe moto kiasi gani, nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango. Nikangoja Mzee akatae.

Maji yakaanza kumwagika. Kisha sauti yake, taratibu, kama anamwelekeza mgeni njia.

"Sogea huku, mwanangu. Hapa. Hapa ndipo panapouma."

Nikashuka kutafuta kivuli cha kuegesha gari.