Kitu Kisichojua Kutukana

Jumatatu, 6 Oktoba

Nasukuma mawe ya ujenzi tangu asubuhi. Burueti, toroli langu, ina tairi bovu, inavuta kushoto. Saa sita maharage yalikuwa hayajaiva, kwa hiyo nikaendelea kuwasimulia wenzangu kitabu.

Ni cha Kifaransa, cha kutisha, jalada limeng'oka. Nilikipata kwa papa mmoja, mzee anayetandika vitabu chini karibu na soko, nikamwachia kimoja cha mapenzi. Sijutii. Katika vya mapenzi hakuna mtu anayefanya kazi. Wanalia tu, wamevaa vizuri. Vya polisi ni afadhali, ila mwizi ana akili kupita kiasi. Wezi ninaowajua hapa Goma wanasahau viatu vyao dirishani. Navipenda vya kutisha. Sijui kwa nini. Nimetoka Butembo, nimepita njia ambazo mtu hazisimulii akiwa anakula. Bado natafuta woga wa karatasi. Ningependa kujua sababu.

Hiki kina nyumba yenye kisima chini ya jiko. Ndani ya kisima kuna kitu. Kinaita watu kwa majina, kwa sauti ya mtu wanayempenda. Ukiitwa mara ya tatu ukaitika, umekwisha.

Majina ya Kizungu yaliwashinda wenzangu, nikawapa wahusika majina yetu. Papa Bahati, kapita wetu anayetusimamia kazini, ndiye mwenye nyumba. Paluku, anayebeba mawe nami, nikamfanya mpishi. Yule anayecheka kila kitu nikamwita Kambale, maana Kambale wetu, mchanganya saruji kutoka Kiwanja, ndivyo alivyo. Alifurahi. Akauliza kama huko ndani ana mke.

Jumanne, 7

Nimesoma mbele peke yangu. Mwenye kucheka anakufa ukurasa wa 112. Nilijua. Katika vitabu hivi anayecheka hufa kwanza, kisha anayekwenda kuangalia. Huyu anapata homa, anasikia mama yake akimwita, anaitika. Imeandikwa vizuri. Nilifurahi kama mpishi aliyeona chumvi.

Sikufikiria kubadilisha. Nawachukia wanaobadilisha mwisho. Kitabu ni kitabu.

Alhamisi, 9

Mvua. Tulikaa wote watano chini ya bashi, lile turubai. Nilisimulia homa, mwito wa kwanza, mwito wa pili. Nikaacha hapo, kama sura inavyoacha. Kuacha panapouma ndiyo nusu ya ufundi wa waandishi hawa.

"Niitike?" Kambale akauliza.

"Weye ulishakufa," Paluku akamwambia. "Unakula maharage ya nani?"

Tulicheka. Kambale alicheka kidogo tu. Niliona, nikapenda. Nilidhani ni usimulizi wangu.

Ijumaa, 10

Kambale hakuja. Ana homa. Paluku anakaa naye ua mmoja. Anasema jana jioni Kambale alimwambia amesikia mama yake akimwita. Mara mbili. Mama huyo yuko Kiwanja, mzima. Sasa Kambale amejifungia. Ukimwita jina haitiki. Sahani imewekwa mlangoni, haijaguswa. Dawa kando yake, hivyo hivyo.

Hakuna aliyenitazama wakati wa kula. Papa Bahati alisema polepole, "Ni weye ulimutia mule. Ni weye utamutoa." Mwingine alitaja neno mulozi, yaani mchawi, chini chini, lakini nilisikia.

Naogopa. Atakufa na homa ya kawaida kabisa, kwa sababu nilitaka simulizi inoge. Woga huu si wa karatasi. Hauna ladha yoyote.

Jumamosi, 11

Asubuhi nilikwenda na Paluku. Niligonga, nikaita, Kambale. Nikaita tena, kisha nikajishika mdomo. Nilikuwa nafanya kazi ya kile kitu. Ndani tulisikia anavyohema. Paluku alitaka kuvunja mlango. Lakini Kambale ana panga, na homa, na anaamini sisi ndio kisima.

Nikakaa juu ya jiwe, nikafungua kitabu kutafuta dawa. Hakuna. Mwandishi hakumwachia mtu wake hata tundu la kutokea. Nilimkasirikia mwandishi kwa mara ya kwanza.

Basi nikaanza kusoma kwa sauti, pale tulipoachia. Yaani kujifanya nasoma. Nikasema mpishi aligundua siri. Kile kitu kinajua kubembeleza tu. Hakijui kutukana, maana kinakutaka. Ukisikia matusi, huyo ni binadamu, mfungulie.

Kisha nikamtukana. Nikamwambia saruji yake ni uji wa mgonjwa, ukuta wake utaangushwa na kuku. Paluku akadakia. Miguu yake inanuka mpaka ziwani Lac Vert, na ile sahani ya njano aliiazima tangu Pasaka. Mama mwenye ua akatoka na mwiko, akatutukana sote watatu, hata aliye ndani, kwa Kinyarwanda kwanza, kisha kwa Kiswahili tuelewe vizuri. Hapo tukasikia kicheko kidogo, kikavu. Kisha komeo likafunguka.

Alikuwa amelowa, macho mekundu. Tukampandisha pikipiki, Paluku nyuma yake akimshika. Mimi nilifuata kwa miguu hadi kituo cha afya. Malaria, tena imefika mbali. Muuguzi alisema jioni tungekuwa tumechelewa.

Jumapili, 12

Wamemtundikia chupa ya seromu. Anakunywa maji. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 15

Sijasoma. Hakuna aliyeomba. Tumekula tukiongea mpira.

Nafikiri jambo moja. Alipokuwa Mfaransa, mtu yule hakumtisha yeyote. Nilipompa jina la huku, na kicheko cha huku, ndipo kitabu kilipoota meno. Mwandishi angefurahi kujua. Mimi sijui nifurahi au vipi. Nimedanganya juu ya kitabu. Ningedanganya tena.

Jumapili, 19

Kambale ameanza kukaa nje. Amekonda, amebaki shingo. Nilimpelekea ndizi. Akaniuliza kitabu kilisema nini kweli.

Nilifungua kitabu. Kisha nikamsomea ukurasa wa 112 ulivyo, neno kwa neno, kwa jina la yule Mfaransa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kisha?"

Kisha sura mpya, nikamwambia. Wanakunywa kahawa.

"Hawakumulilia?"

Nikafungua mbele, kurasa tano, kumi. Kweli. Hakuna anayemtaja tena. Mama hana, ila ile sauti. Vitabu vya namna hii nimesoma vingi, na wanaokufa kwanza huwa hivyo hivyo. Sikuwahi kuona.

"Hiki kitabu hakina adabu," alisema, bila hasira.

Nilitaka kukitetea. Nilitaka kumwambia kwamba haraka ile ndiyo inayotisha. Lakini sikuwa na hakika.

Chini ya ukurasa ule pana nafasi nyeupe, vidole vitatu. Kambale akaingia ndani, akatoka na kalamu. Nikaandika kwa Kiswahili, herufi ndogo, yeye akinitajia msiba wa yule marehemu. Mama yake alikuja. Walikaa kilio siku tatu. Hakuna aliyekwenda kazini.

Nafasi ilikuwa inakwisha. Akaomba niongeze kwamba alikuwa mtu wa kucheka. Nikaongeza.