Idi Tuliyoipeleka Quriyat

Jumatano, 25 Novemba 1970

Sambusa tena. Nimekunja mpaka vidole vimekakamaa. Mama anasema zangu zina pembe nne. Ikifika magharibi, saa ya kufuturu, hakuna anayezihesabu.

Baridi imeingia Matrah, mji wetu mpya huku ng'ambo. Wenyeji wanaiita hewa nzuri. Sisi tuliokuja juzi kutoka Afrika tunavaa sweta juu ya sweta. Mama anapika huku kavaa koti la Baba.

Kaka Nasoro karudi kazini na habari. Timu yao ya Matrah, vijana watupu waliotoka Unguja na Dar, itacheza na timu ya Quriyat, safari ya nusu siku kutoka hapa. Idi pili, baada ya alasiri. Na sisi tutakuwa huko huko, kwa Bibi, mama yake Baba. Uwanja uko nyuma ya nyumba ya Bibi. Nasoro anasema ukisimama darini, juu ya paa tambarare, unauona wote, goli hadi goli.

Nilikuwa kwenye karai niliposikia. Nimeungua kidole.

Ijumaa, 27 Novemba

Naandika hapa kwa kuwa sitamwambia mtu. Sijawahi kuona mpira ukichezwa.

Unguja nyumba yetu ilikuwa karibu na uwanja, lakini madirisha yote yalitazama upande wa pili. Niliujua mpira kwa masikio. Kelele inayopanda mpaka juu, goli. Kelele inayokatika ghafla, kipa kadaka. Dar nilisikiliza redio nyuma ya mlango, Nasoro na rafiki zake ndani, mlango umefungwa. Wachezaji wote nawajua kwa majina. Najua nani hodari wa kona. Skuli nimemaliza, na sijamwona hata mmoja akipiga.

Hapa wasichana hawaendi uwanjani. Wala mimi sitaki. Kusimama mbele ya watu kunanitia homa. Dari linanitosha. Lakini lazima niombe ruhusa, na kuomba ndiko kunakonishinda. Leo nimekwenda jikoni kumwambia Mama. Nikauliza kama chumvi inatosha. Nikarudi tena. Nikauliza chumvi tena. Mama kanigusa kipaji cha uso kuona kama naumwa.

Kuna mawingu kusini, upande wa Quriyat. Mvua ikinyesha uwanja utakuwa tope. Kila nikimaliza kusali naomba isinyeshe.

Jumapili, 29 Novemba

Mwezi umeandama. Mzinga umelia ngomeni na watoto wa jirani wanapiga madebe. Kesho Idi.

Nimepiga pasi kanzu ya Baba, kisha jezi ya Nasoro. Ya kijani. Namba saba nimeishona mwenyewe. Imekaa upande kidogo.

Ruhusa bado sijaomba.

Jumatatu, 30 Novemba. Quriyat

Aibu ya leo sitaisahau.

Tuliondoka baada ya sala ya Idi. Sisi ndani ya Landrova, timu nyuma yetu juu ya lori, wanaimba. Njia ni mawe na milima mitupu, na mito mikavu wanayoiita wadi. Unapita kwenye kokoto mahali ambapo maji yangepaswa kuwa. Tulikula njia nzima. Halua, kaimati, mkate wa kumimina.

Tumefika adhuhuri imeshapita. Nimeshuka na kipande cha mkate mdomoni, na mikono nimeinyoosha kumkumbatia Bibi. Mtaa mzima umenitazama. Mzee mmoja kageuza uso. Bibi kasimama mlangoni, midomo imemkauka.

"Zuwena mjukuu wangu. Mie nnafunga, na wewe unatafuna?"

Kumbe Quriyat hawakuuona mwezi. Mawingu yale ya kusini yaliwafunika. Simu hakuna, mzinga wa Matrah haufiki huku. Wamefunga siku ya thelathini. Mkate sikuweza kuumeza wala kuutema.

Baba na timu nzima wamekwenda kwa kadhi. Kawauliza mmoja mmoja: nani kauona kwa macho yake, ulikuwa wapi, pembe zake zilitazama wapi. Kipa na beki wawili waliuona. Kadhi akaamuru watu wafungue. Sala yao ya Idi itakuwa kesho asubuhi, maana wakati wake wa leo umeshapita. Mtaa mzima ukanywa maji kwa pamoja.

Bibi kamaliza mkate wangu wote. "Nimeishi Unguja, nimeishi hapa," kasema, "sijaona watu wanaoleta Idi ndani ya gari."

Nimecheka mpaka machozi. Halafu Nasoro karudi, yeye hacheki. Nahodha wa Quriyat kamwambia Idi mosi yao ni kesho. Siku ya kusali, kuchinja na kuamkiana. Hawachezi. Idi pili ni keshokutwa, karibuni sana. Lakini vijana wetu wana ruhusa mpaka kesho tu. Kazi zenyewe mpya, hakuna anayethubutu kuchelewa. Lori linarudi Matrah kesho alasiri.

Hakuna mechi.

Jumanne, 1 Desemba

Idi mosi kwa mara ya pili. Sijui niiandike vipi.

Lori limeondoka na Nasoro. Hakuaga vizuri. Sisi tunabaki, kwa kuwa Baba kapewa ruhusa mpaka mwisho wa wiki. Nina hasira na mwezi. Nadhani ni dhambi.

Kwa kuwa mambo yameshaharibika, nimepata ujasiri. Nimemuuliza Bibi: kama mechi ingekuwapo, ungeniruhusu nipande darini nitazame?

"Dari langu," kasema Bibi. "Nnamuomba nani ruhusa? Ningekupandisha na mkeka, na mie ningekaa mbele yako."

Wiki nzima ya hofu kwa maneno hayo tu.

Nimepanda peke yangu. Uwanja mtupu. Magoli ni magogo ya mitende. Mbuzi kalala kwenye nafasi ya kipa. Mawingu yamekaa milimani, meusi. Nikafanya jambo ambalo sikulitegemea. Nikaomba mvua. Huko huko milimani, kiasi cha kujaza wadi tu. Asiumie mtu wala mbuzi. Lori liwe limefika ukingoni, lisiwe katikati. Nimemwekea Mungu masharti mengi.

Kabla ya magharibi imenguruma. Hapa yameanguka matone tu.

Baada ya isha nimesikia nyimbo. Nilidhani ni watu wa harusi. Ni lori. Wadi imeshuka, maji mekundu yanabeba matawi, hapapitiki. Walisimama ukingoni. Wote wazima.

Nimeiogopa dua yangu. Nimefurahi pia. Vyote viwili kwa pamoja.

Jumatano, 2 Desemba

Nimeona mpira.

Bibi kawapandisha wanawake wote wa nyumba, na majirani. Ukuta wa dari unafika kifuani, nao una matundu ya kupitishia hewa. Kila mmoja na tundu lake. Mama kasema tutazame kidogo tu. Hakuondoka kwenye tundu lake mpaka mwisho.

Redio haisemi mengi. Haikuniambia kwamba wachezaji wanazungumza muda wote, kwamba wanalaumiana, kwamba mtu anaweza kusimama mikono kiunoni akisubiri pasi isiyokuja. Nasoro kasubiri sana. Alipoipata alikimbia kama kaiba. Namba saba yangu ikapanda na kushuka mgongoni kwake. Kapiga krosi, mwenzake kaingiza kwa kichwa. Nilijua ni goli kabla ya kelele. Kwa mara ya kwanza kelele ilikuja baada yangu.

Quriyat wanacheza peku na hawachoki. Wakasawazisha.

Halafu beki wetu akaupiga mpira juu, kuokoa. Ukapanda, ukapanda, ukaangukia darini. Wa ngozi, mzito kama boga. Ukabingirika mpaka miguuni kwangu. Wanawake wakanitazama. Chini wanaume wote wakainua nyuso. Kuupeleka kwa mikono ilibidi niende mpaka ukutani nionekane. Sikuweza. Nikaupiga pale pale nilipo, peku, kwa mguu wa kushoto.

Ukapita juu ya ukuta. Ukapotea.

"Nani kapiga huo?" akaita mtu kutoka chini.

"Upepo," kajibu Bibi.

Wetu wakabaki wanatazama dari, midomo wazi. Quriyat hawakutazama dari. Wakarusha haraka na kufunga. Mbili kwa moja. Ikaisha hivyo.

Mama kanifinya mkono. Halafu kaficha uso kwenye kanga yake, mabega yanatikisika.

Ijumaa, 4 Desemba. Matrah

Wadi ilipungua jana. Tumerudi sote pamoja. Kazini hawakugomba, kumbe nusu ya mji ilikwama barabarani. Njia nzima nimesikia vijana wakibishana ndani ya lori lililotutangulia. Kila walipokosa wa kumlaumu walilaumu upepo.

Leo baridi imezidi. Nimefua jezi ya Nasoro, nimeianika kwenye kamba uani. Saba bado iko upande. Sitaibadilisha.

Alasiri Nasoro kaniletea sindano ya cherehani niliyomwagiza. Kaniona nachechemea, kaiweka mezani. Kasema, bila kunitazama, kwamba upepo wa Quriyat ajabu, unapiga kwa mguu wa kushoto. Kisha akaenda zake.

Usiku rafiki zake wamekuja kusikiliza mechi ya Dar. Redio inakwaruza lakini inasikika. Mlango kauacha wazi, na redio kaiweka karibu na kizingiti, upande wangu wa pazia la mlango. Nimekaa na kahawa. Mtangazaji kasema winga anakimbia, na mimi nimemwona akikimbia.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto bado kinauma. Sina haraka kipone.